Miezi Miwili ya Gando

Dakhalia ya wasichana, Unguja
6 Februari 2025

Kwa Babu yangu mpenzi, Mzee Marhoun, Gando.

Assalaam alaykum, na shikamoo Babu. Natumai barua hii itakukuta kwenye kiti chako cha kamba, kahawa mkononi, na Bibi Ghania anakugombeza kwa jambo fulani. Mimi mzima, sina ninalolalamikia ila maharage ya Jumanne. Wenzangu wa Unguja bado wanacheka nikisema, lakini nimepata rafiki, Mwanawema, wa Wingwi. Siku ya kwanza alifungua mdomo tu nikamjua. Wapemba hujuana kwa vilemba, hata kama tumevaa buibui.

Simu haturuhusiwi, kwa hiyo Hudhaifa wa boti ndiye posta yetu. Akifika mpe chai.

Sasa Babu, kaa vizuri. Mwalimu Fahmi, anayetufundisha fizikia, ameanzisha klabu ya anga, na klabu imepata mashindano! Skuli zote za sekondari, Unguja na Pemba. Swali ni moja: ukipewa chombo kimoja tu cha kwenda angani, hakuna cha pili, utakipeleka sayari gani au mwezi gani, na kwa nini? Kila skuli inapeleka andiko moja, na mwalimu kanichagua mimi niandike. Mimi, Babu! Mshindi atakwenda bara wiki nzima kutazama mbingu kwa darubini kubwa kuliko mlango wa msikiti. Mwisho wa kupeleka ni tarehe 30 Aprili.

Tabu yangu ni kuchagua. Asubuhi nataka Mirihi. Adhuhuri nataka Titani, mwezi wa Zohali, wenye mito na maziwa ambayo si ya maji. Magharibi nataka Yuropa, mwezi wa Mshtarii, ambao una bahari nzima imefichwa chini ya barafu. Mwanawema anasema nina tamaa kama mtu aliyealikwa harusi tatu siku moja.

Ombi langu: ile darubini yako ya macho mawili, uliyokuja nayo kutoka mnara wa taa wa Kigomasha ulipostaafu. Naomba uniazime. Mwalimu anayo moja na sisi tuko ishirini na sita. Nitaitunza kuliko macho yangu. Na jioni utakayoipata barua hii, jua likizama toka nje utazame magharibi. Ile nyota kubwa inayowaka kama karabai ni Zuhura. Tuitazame pamoja, wewe huko na mimi huku.

Mjukuu wako,
Nihal


Gando
20 Februari 2025

Mjukuu wangu Nihal,

Waalaykum salaam, marahaba. Barua yako ilikaa siku nne mfukoni mwa Hudhaifa. Anasema aliisahau. Chai hakupata.

Sisi wazima. Mbuzi wa jirani kala kanga ya Bibi yako, ile ya kijani, na kesi haijesha mpaka leo. Mikarafuu ya nyuma inataka kupaliliwa. Mama yako Zulekha alikuja Jumapili kutoka Tibirinzi, katuletea unga. Bibi nimemsomea barua yako, kasema, "Kenda kusoma au kenda kuhesabu nyota?" Lakini jioni nikamsikia uani anamhadithia jirani kwamba mjukuu wake ataandikia chombo cha kwenda mbinguni, na kwamba akili hiyo imetoka upande wake.

Kuhusu kuchagua, mtu wa Gando akipewa chombo aende penye maji. Chagua huo mwezi wa Mshtarii. Bahari iliyofungiwa chini ya barafu, nani asiyetaka kuijua? Nimeiwaza siku mbili hizi nikiwa shambani. Uliza kama huko maji yanakupwa na kujaa.

Zuhura usiichague. Ni nyota ya kuhadaa watu.

Darubini imeharibika.

Babu yako,
Marhoun


Dakhalia, Unguja
8 Machi 2025

Babu yangu,

Assalaam alaykum na Ramadhani karimu. Tunafuturu uji na tambi, na jana Mwanawema kapata kifurushi cha nyumbani, tukala mkate wa kumimina mpaka tukashindwa kusimama kwa tarawehe. Idi hii sitavuka, likizo ni siku nne tu. Nitakwenda kwa shangazi.

Babu, maandishi yako yamekuwa makubwa! Barua fupi vile imejaza kurasa tatu. Umebadilisha kalamu?

Nimeuliza swali lako, na Mwalimu Fahmi kasimama katikati ya darasa. Kasema hilo ni swali la mtaalamu. Ndiyo, maji ya Yuropa yanavutwa na Mshtarii, bamvua lake, yaani kujaa na kupwa, hukunja na kukunjua barafu yote, na huko kukunjwa ndiko kunakoyapasha moto maji yasigande. Kila mtu kataka kujua nani kaniambia niulize. Nikasema babu yangu, mlinzi wa mnara wa taa.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua Yuropa. Lakini Alkhamisi, baada ya futari, mwalimu katupanga mstari, kila mmoja atazame kwa darubini yake. Nilidhani ananielekeza kwenye mwezi. Nikamwambia, "Mwalimu, mwezi huu mbona mdogo?" Kacheka. Kasema, "Huo si mwezi. Hiyo ni Zuhura."

Babu, Zuhura ina pembe! Mimi sikujua. Ukitazama kwa macho matupu ni nyota, lakini kwa darubini ni hilali kamili, nyembamba, ina ncha mbili kali. Kumbe inapokaribia kupita baina yetu na jua hupungua kama mwezi unavyopungua. Nilirudi kwenye mstari mara tatu, mpaka wenzangu wakaanza kunisukuma.

Sasa nimechanganyikiwa tena. Yuropa au Zuhura? Wewe umenikataza Zuhura bila kuniambia sababu, nawe unanijua, ukinikataza bila sababu ndipo masikio yanaposimama.

Na jambo jingine, usikasirike. Bibi kanitumia salamu kwa mdomo wa Hudhaifa. Anasema darubini haina hata mkwaruzo, imo ndani ya kasha, imefungwa kwenye kanga, miaka mitano sasa. Kwa nini Babu?

Nihal


Gando
13 Machi 2025

Nihal,

Salamu zitafuata. Hudhaifa anaondoka sasa hivi, nimemweka mlangoni.

Hizo pembe ulizoziona zilitazama wapi? Juu, kama mashua iliyokaa juu ya maji, au vipi? Nijibu kwa uhakika.

Na muulize mwalimu wako kama kuna njia ya kujua Ijumaa ya tarehe 22 Mei mwaka 2020, jua lilipozama hapa kwetu, Zuhura ilikuwa wapi na ilikuwa na sura gani. Usimwambie kwa nini. Na wewe usiniulize.

Marhoun


Dakhalia, Unguja
17 Machi 2025

Babu yangu, Babu yangu,

Assalaam alaykum. Naandika mbio, nisamehe mwandiko.

Kwenye darubini ya mwalimu pembe zilitazama chini. Lakini yeye kasema darubini yake hupindua kila kitu juu chini, kwa hiyo kwa kweli zilitazama juu. Kwa darubini kama yako ungeziona vilevile zilivyo, kama mashua.

Kompyuta ya skuli ina programu inayoonyesha mbingu ya siku yoyote, popote. Nikaandika Pemba. Nikaandika tarehe uliyonipa. Nikasogeza mpaka jua linazama. Mwezi, Babu, ulizama pamoja na jua, hakuna kiumbe ambaye angeweza kuuona jioni ile. Lakini Zuhura ilikuwepo, magharibi, si juu sana, imekonda kuliko niliyoiona mimi, imebaki ukucha mtupu. Pembe juu.

Nilibaki kwenye kiti nikaitazama tarehe. Ilikuwa mwezi ishirini na tisa Ramadhani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kesho yake tulikuja Gando kutoka Tibirinzi kusherehekea Idi, nina gauni jipya, nakula visheti barazani, na watoto wa mtaa wa pili wananitazama kwa sababu wao bado wamefunga. Jioni watu walikuja kusema na wewe wakiwa wamesimama, hakuna aliyekaa. Halafu msikiti wetu mzima ukalipa siku moja ya saumu. Halafu nikasikia watu wanakuita Mzee Miezi Miwili, mmoja wako na mmoja wa watu. Na wewe ukaacha kukaa barazani. Niliyaona yote hayo na sikuuliza.

Hukusema uongo! Uliona kitu chenye pembe, na pembe zilikuwepo! Nataka kupiga kelele hapa maktaba. Nitaliandika hili kwenye andiko langu, Zuhura ndiyo ninayoichagua, na nitamwandikia Shehe Abrahman wa msikiti wetu barua ya kurasa kumi na picha ya kompyuta juu yake. Watu wote wa Gando watajua.

Nijibu upesi, Babu. Upesi!

Nihal


Gando
14 Aprili 2025

Mjukuu wangu,

Waalaykum salaam. Idi ilipita salama, tulikukumbuka kwenye pilau. Mama yako na ndugu zako walikuja wote. Mbuzi wa kanga amechinjwa, na Bibi yako kala nyama yake kwa furaha ambayo si ya kawaida.

Nimekaa na barua yako karibu wiki nne. Hudhaifa kaja mara mbili kuuliza jawabu, nimemwambia kalamu imekwisha wino. Kalamu haikukwisha wino.

Nitakueleza, kisha wewe utaamua kama bado unataka kupiga kelele.

Jioni ile kulikuwa na mawingu. Nilikuwa pwani peke yangu. Wingu likapasuka kidogo, na mimi nilikuwa na darubini. Nikaona pembe. Ilikuwa ndogo mno, nikajiambia ni ndogo kwa kuwa ni changa. Wingu likafunga. Nikaenda mbio kwa Shehe Abrahman, mzee wa miaka sitini na saba anakimbia. Shehe kaniuliza mbele ya watu, "Marhoun, umeuona kwa macho yako?" Nikasema, "Kwa macho yangu." Kaniapisha, nikaapa.

Darubini ilikuwa ndani ya shati, inanigonga mbavu.

Kama ningeitaja, Shehe angesema haya, twende wote tukatazame, au angesema ngoja. Sikuitaja kwa sababu wakati ule macho yangu yalikuwa yameshaanza kufifia, na hakuna aliyejua. Miaka ishirini na mbili nililinda taa, Gando nzima inasema macho ya Marhoun, macho ya Marhoun. Niliona haya kusema kwamba mwezi wenyewe siuoni tena bila chuma. Na ndiyo maana ya maandishi makubwa, ulikwishaona.

Usiku wa pili mwezi wa kweli ulipotoka, Bibi yako kanionyesha, nikautazama kwa darubini. Ulikuwa mpana, mara nyingi kuliko ule wangu. Nikajua nimekosea, ila sikujua nimeona nini. Niliishuku Zuhura, iliyokuwa upande uleule, lakini sikujua kama nyota huwa na pembe. Miaka mitano nimejiuliza kama nilikuwa naota. Sasa umeniambia. Allah akulipe kheri, mzigo huo umeutua.

Lakini mzigo wa pili ni wangu, na programu yako haiuoni. Shehe hakunigombeza hata siku moja. Ramadhani iliyofuata hakuniita tu kwenda kutazama mwezi. Basi.

Usimwandikie. Na hilo andiko, subiri.

Marhoun


Dakhalia, Unguja
18 Aprili 2025

Babu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma bafuni, kwa sababu dakhalia hakuna mahali pengine pa kulia kwa raha. Mwanawema kagonga mlango, kauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, babu yangu kaniambia kweli.

Sikukasirika. Nataka ulijue hilo kabla ya lolote. Mimi mwenyewe mwaka jana sikuona ubao mwezi mzima nikaficha kwa sababu nilihofia miwani. Tumefanana.

Nina maandiko mawili mezani. Moja la Yuropa, ni zuri, lina lile swali lako la kupwa na kujaa. La pili la Zuhura, lina moto. Nimeandika kwamba Mirihi wenzetu wamekwisha kupeleka vyombo vingi, lakini Zuhura ni jirani yetu wa ukuta, iko karibu kuliko sayari zote, tunaiona kwa macho kila mwaka, na bado hatuijui. Imejifunika mawingu ya tindikali. Chini yake kuna joto la kuyeyusha risasi. Siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake. Na wako wataalamu wanaodhani zamani ilikuwa na bahari kama yetu. Jirani aliyekuwa na bahari akaipoteza, si ndiye wa kumwendea kwanza?

Lakini katikati ya andiko hilo kuna shimo, mahali pa hadithi yako. Bila yake halisimami. Bila idhini yako nitapeleka Yuropa, na sitanung'unika. Kidogo tu.

Jambo moja. Zuhura sasa imehamia alfajiri. Ijumaa ijayo, tarehe 25, kabla jua halijachomoza, tazama mashariki. Mwezi mkongwe utakuwa umekaa karibu kabisa na Zuhura, na zote mbili zina pembe. Programu inaonyesha zitaingia pamoja ndani ya darubini yako. Miezi miwili, Babu. Sijui kama itakusaidia, lakini nimeona nikwambie.

Nihal


Gando
26 Aprili 2025

Nihal mjukuu wangu,

Waalaykum salaam! Marahaba, marahaba! Mvua za masika zimekuja, njia yote matope, lakini jana Mwenyezi Mungu aliifuta mbingu ikawa safi kama sahani.

Alkhamisi nilifungua kasha. Bibi yako kasimama mlangoni, kasema, "Mficha maradhi kilio humfichua. Nilikuwa nangoja siku hii, mie." Kumbe yeye macho yangu anayajua tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa ananisogezea sahani bila kusema.

Ijumaa baada ya sala ya alfajiri niliwaomba watu wasitoke haraka. Tulikuwa wanaume kumi na saba. Nikasimama. Nikasema, "Mwaka ule Shehe aliniuliza kama nimeuona kwa macho yangu, nikaapa. Haikuwa kwa macho yangu. Ilikuwa kwa hii." Nikaiweka darubini juu ya mkeka.

Khatib, yule aliyenibandika jina la Miezi Miwili, katazama miguu yake. Nikasema, "Nilichokiona ni Zuhura. Mjukuu wangu kanifahamisha. Njooni nje."

Tukatoka. Kwa macho ulikuwepo mwezi na nyota mbele yake, kila mtu kaona, hata mie niliona mwanga wake. Nikampa Shehe Abrahman. Katazama. Kaishusha, kafuta vioo kwa kilemba chake, katazama tena. Kasema taratibu, "Mbona miwili?"

Khatib kamnyang'anya Shehe darubini! Shehe wa msikiti! Kisha ikawa vurugu, kila mtu anataka, wengine wakarudi mara mbili tatu kama wewe. Mzee mmoja kasema subhanallah mpaka sauti ikakauka. Khatib kanijia akicheka huku machozi yanamtoka, kanishika mkono, hakuuachia.

Shehe alikuwa wa mwisho kuondoka. Kaniambia, "Na mie ningeapa, Marhoun." Akaenda hatua mbili, akageuka. "Lakini ningeitaja darubini."

Ni haki yake. Nimeipokea.

Andika, mjukuu wangu. Andika yote, na ya ndani ya shati pia, usiniremberembe. Hudhaifa anapanda boti leo mchana, nimempa chai na mkate. Kifurushi alichokushikia usikifungue mbele ya wenzako ishirini na tano, watakiponda. Kamba yake imechakaa, tia mpya.

Babu yako anayekupenda,
Marhoun


Dakhalia, Unguja
19 Mei 2025

Babu na Bibi, kwa pamoja,

Assalaam alaykum. Tumekuwa wa pili! Skuli ya kwanza ni ya huko kwetu Pemba, na wao, usicheke Babu, wamechagua Yuropa. Kama ningekusikiliza mwanzo ningekuwa nafunga mabegi ya kwenda bara. Nililia dakika kumi. Mwanawema alihesabu.

Lakini sikiliza. Siku ya kusoma maandiko, nilipofika kwenye "Kwa macho yangu," majaji waliweka kalamu chini. Nilipofika kwenye miezi miwili, wakapiga makofi sijamaliza. Jaji mmoja, mama mtu mzima, kaniita pembeni. Hakuniuliza la sayari. Kaniuliza, "Babu yako keshatibiwa macho?" Nikaona haya, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kukuuliza.

Basi nakuuliza. Mama anasema huo ni mtoto wa jicho, na Wete kuna kambi ya madaktari mwezi wa Juni. Wanautoa asubuhi, mchana uko nyumbani. Utakwenda?

Darubini nimeitia kamba mpya. Nyekundu.

Nihal


Gando
29 Mei 2025

Mjukuu wangu Nihal,

Waalaykum salaam, na hongera. Wa pili si haba. Bibi yako anawaambia watu wa kwanza, nami simrekebishi.

Juni nitakwenda. Mama yako keshaniandikisha, na Khatib anasema atanisindikiza. Ukija likizo huenda nikaziona pembe zako, na uso wako vilevile, ambao kwa kweli muda mrefu nimekuwa nauona kwa kukisia.

Juzi Jumanne ilikuwa mwezi ishirini na tisa Mfunguo Pili, jioni ya kutazama mwezi wa Hija. Alasiri Shehe Abrahman kaja mwenyewe mpaka barazani. Miaka mitano hakuja kwa jambo hilo. Kasema, "Marhoun, twende." Nikamwambia darubini iko Unguja. Kasema, "Nimekwita wewe, sikuita darubini."

Tulisimama pwani watu wengi. Jua likazama. Mbingu ilikuwa safi, nikatazama mpaka macho yakatoa maji. Wenzangu wakatazama, wakaanza kubishana, mmoja anasema kama naona, mwingine anasema huoni. Shehe kawanyamazisha wote, kanigeukia mimi. "Marhoun, umeuona?"

Nikasema mbele yao, "Macho yangu hayafiki tena mbali, Shehe. Sikuuona."

Kanitazama. Kisha kawageukia watu, kawaambia asiye na hakika aseme alivyosema Mzee Marhoun, sikuuona, basi mwezi haukuandama. Wakakubali, wakaenda zao.

Babu yako,
Marhoun